Mashine Iliyokuja na Joto Lake

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Binti yangu ametoka sasa hivi kumwaga kikombe cha maji ndani ya kiatu cha baba yake. Akachungulia. Akaona bado kuna nafasi. Akarudi kwenye ndoo, akachota kingine, akamalizia. Halafu akapiga makofi na kutangaza, "Ishajaa!" Hajatimiza miaka miwili lakini kazi yake anaijua. Wiki iliyopita ilikuwa redio. Kabla ya redio, unga. Ndiyo maana mgahawa mzima unamwita Chirizi, na mimi mwenyewe nikimwita kwa jina lake la kweli hageuki.

Nampenda mpaka naogopa.

Leo nimeogopa zaidi. Jiko la mgahawa wa mama mkwe ni chumba kimoja tu. Upande wa dirishani tunapika mimi na wifi yangu, kwenye jiko la gesi lililo juu ya meza. Upande wa mlangoni, chini sakafuni, yamepangwa majiko manne ya mkaa. Hayapiki kitu. Kazi yake ni kuweka sufuria moto mpaka wateja waishe: wali, maharage, mchuzi, mboga. Na uwanja wa Chirizi ni hapo hapo. Leo alikuwa anakimbiza kifuniko kinachobiringika. Akajikwaa. Mama mkwe akamdaka kwa gauni, pua ya mtoto iko shibri moja tu na makaa. Gauni likachanika. Mtoto akacheka. Mimi nikakaa juu ya gunia la vitunguu.

Mama mkwe hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema taratibu kwamba jikoni kwake kuna moto chini na mtoto chini, na hivyo viwili havitakaa pamoja siku nyingine. Majiko hawezi kuyatoa, wateja hawali wali wa baridi. Kwa hiyo Jumapili mdogo wake anakuja kutoka kwao, mwendo wa usiku kucha kwa basi, na akiondoka ataondoka na Chirizi, amlee mpaka afike umri wa shule.

Umri wa shule! Atakuwa ameshasahau harufu yangu.

Wifi akaongeza eti mtoto atanenepa huko, hewa ni nzuri. Nani kamuuliza habari za hewa?

Nimelia kidogo nyuma ya nyumba. Kisha nikaacha, kwa sababu nimekumbuka kitu. Ile hoteli ya ghorofa imebadilisha vyombo vyake vyote, na vile vya zamani vimepelekwa kwenye yadi ya muuza vyombo vilivyotumika, yule tunayemwita Bwana Steli. Nasikia kuna mashine inayoweka chakula moto bila mkaa. Bila mkaa! Bila chochote sakafuni!

Kesho nakwenda. Hela sina. Lakini macho ninayo.

Jumanne, tarehe 4

Sijui nianzie wapi.

Yadi ya Bwana Steli iko nyuma ya gereji, wazi kabisa, jua linapiga bila huruma. Majokofu yamesimama kwa safu kama watu kwenye foleni. Viti vya chuma vimepandana. Masinki yamelala chali. Na katikati, peke yake, imesimama Mashine. Nikasimama na mimi. Chirizi mgongoni akanyamaza, naye hanyamazi hata akiwa usingizini.

Ndefu kama kitanda. Steli tupu! Nilijiona uso wangu humo, nikajiona mpana, mwenye afya, mtu wa maana. Juu ina matundu sita, kila tundu na bakuli lake refu la steli na kifuniko chenye mkono. Mbele kioo kilichopinda vizuri kama paji la uso. Chini milango miwili ya kuteleza, ukiivuta inasema "shhh" kama mtu anayembembeleza mtoto. Pembeni swichi ya kuzungusha, namba moja mpaka sita, na kitaa chekundu kidogo kama punje.

Nikaweka mkono. Ya moto!

Nikatazama waya. Umeviringishwa, umefungwa kamba, haujagusana na umeme wowote. Nikaweka mkono tena. Moto kweli, mpaka nikauondoa. Nikazunguka nyuma. Moto. Ni ile kona moja tu iliyo kwenye kivuli cha majokofu ndiyo iliyopoa, nikajua hapo pana hitilafu ndogo, si kitu.

Nikamuuliza Bwana Steli kwa sauti ya chini, maana mahali pale palistahili sauti ya chini, Mashine imetoka hotelini lini. Akasema mwezi uliopita. Mwezi mzima, na bado haijapoa! Nikamwambia hivyo. Akanitazama. Akatazama jua. Akanitazama tena. Akasema, "Dada, wewe una jicho la biashara."

Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu.

Bei alipoitaja nilicheka kwa adabu. Nikauliza kama anapokea maharage. Hapokei. Nikaondoka, nikarudi, nikaondoka tena. Mara ya tatu akaguna, akasema yeye binafsi hana shida, mwenye shida ni mke wake, anayemsumbua asubuhi na jioni eti anataka kabati la vyombo lenye vioo kama wenzake.

Kabati la vyombo. Lenye vioo.

Ninalo! Mama yangu alinipa siku ya harusi. Limesimama sebuleni kwetu, ndani lina vikombe sita ambavyo hajatokea mgeni mwenye cheo cha kuvinywea.

Nimerudi nyumbani sijui hata nilipita njia gani.

Jumatano, tarehe 5

Mume wangu ni fundi rangi. Mtu mpole, lakini kabati lile analipenda. Siku ya harusi alilibeba mwenyewe, akaligonga kwenye kizingiti, na ule ufa kwenye kona ya kioo ni wake. Kila mgeni akija lazima asimuliwe ufa. Kwa hiyo nisingeweza kusema nalitoa. Ilibidi kabati liugue.

Mchwa!

Nikaomba unga wa mbao kwa seremala jirani, nikanyunyiza chini ya miguu ya kabati. Wakati wa chai ya asubuhi nikashika kifua, nikamwita. Akaja. Akapiga magoti. Nikangoja aseme kabati litolewe. Badala yake akasema nisiwe na wasiwasi, dawa ya mchwa anayo kazini, jioni ataileta na kulipiga mwenyewe. Mwanamume huyu! Nikimwomba atundike pazia anachukua mwezi.

Nikamwambia mchwa wa siku hizi hawasikii dawa hiyo. Lazima kabati lipelekwe kwa mtaalamu, lilale huko. Akauliza lilale kwa muda gani. Nikasema inategemea na mchwa. Wakati huo Chirizi ameshafika na kikombe, ameumwagia ule unga wa mbao, umekuwa uji. "Ishajaa!" Baba yake akachovya kidole, akanusa, akasema tangu azaliwe hajaona mchwa wa namna hii. Nikasema si ndiyo ajue hali ilivyo mbaya.

Akaenda kazini anatikisa kichwa.

Mwenye mkokoteni akaja. Vikombe nimevifunga kwenye shuka, viko chini ya kitanda. Kabati likatoka mlangoni taratibu, likimetameta. Pale lilipokuwa limesimama ukuta umebaki mweupe, rangi ya siku tuliyohamia. Nikapatazama kidogo. Nikamwomba mama yangu radhi moyoni. Ni kwa ajili ya mjukuu wake.

Alhamisi, tarehe 6

Imefika! Mtaa mzima ulitoka. Wanaume wanne walisukuma mkokoteni. Fundi viatu alivua kofia. Mpita njia aliuliza kama inapelekwa hospitali. Jua likiigusa linarudi machoni mwa watu, wakaziba nyuso zao. Mimi nilitangulia, Chirizi mgongoni, najiona kama namsindikiza bibi harusi.

Wifi akatoka na mwiko mkononi. Akaizunguka. Akauliza jeneza hili ni la nani. Kisha akaniambia, "Haya Injinia, chagua upande utakaolala." Tangu hapo sina jina lingine.

Mama mkwe akauliza nimeipata wapi. Nikasema kwa watu wema. Akanitazama mpaka nikaanza kujikuna mkono.

Tukaiingiza jikoni, penye kivuli. Baada ya chai nikaenda kuigusa kwa siri. Baridi! Baridi kama mtungi! Mwezi mzima ilikaa na joto lake, mitaa mitatu tu imelimaliza! Nadhani ni kule kutikiswa. Lakini waya si upo? Nikaichomeka, nikazungusha swichi moja kwa moja mpaka sita, maana mwenye shida kama yangu hachezi na namba moja. Kitaa chekundu kikawaka. Hata wifi aliacha kutafuna.

Nikapakua wali, maharage, mchuzi na mboga kwenye mabakuli yale. Nikafunika. Nikasimama mikono nyuma kama meneja.

Muda si muda Mashine ikaanza kulia tik, tik. Halafu harufu, kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Nikafunua wali: chini mweusi, juu wa baridi. Maharage yameshikana. Mboga sitaki kuzizungumzia. Wifi akachukua sahani, akakwangua, akawatangazia wateja kwamba leo tumeleta mashine ya kutengeneza ukoko, mpenda ukoko ajongee mapema.

Walicheka. Nikachomoa waya. Mama mkwe akarudisha sufuria zake juu ya mkaa, moja baada ya nyingine. Alipomaliza akasema nianze kufua nguo za mtoto, zikauke kabla ya Jumapili.

Ijumaa, tarehe 7

Nguo nimefua. Sikuzikamua, kusudi zichelewe kukauka.

Nikiwa nazianika kivulini, akili ikanijia. Mashine ina tumbo! Ile milango miwili ya chini inafungua chumba kitupu kabisa. Jiko langu dogo la mkaa la nyumbani linaenea, nimepima kwa mkono. Mama mkwe akiwa amejinyoosha kidogo kabla ya wateja wa mchana, nikaliwasha nje, nikaliingiza, nikafunga. Shhh. Kwenye kitaa nikabandika karatasi nyekundu ya peremende ili kionekane kimewaka. Umeme sikuugusa, ulishanitia aibu.

Ilifanya kazi! Mama mkwe akaweka kiganja juu ya kifuniko, akasema, "Mmh." Mmh ya mama mkwe ni sawa na hotuba ya mtu mwingine. Wifi akainama kutafuta waya unakwenda wapi, nikasimama mbele ya waya. Kwa muda ule mfupi nilikuwa mwanamke mwenye mashine na mwenye mtoto. Nilimtazama Chirizi amekaa salama juu ya gunia lake la vitunguu, nikaona dunia imenyooka.

Kisha moshi. Ulianzia kwenye swichi, ukachungulia kwenye namba tatu, ukatokea kwenye namba tano. Ukapanda juu, kila kifuniko kikawa kinavuta sigara yake. Waashi waliokuwa wanakula wakatoka mbio na sahani zao, hakuna aliyeacha tonge. Mama mkwe akavuta mlango wa chini. Shhh. Jiko likamtazama.

Akasema, "Tulikuwa na manne. Injinia ametuletea la tano, tena la kujificha."

Hata yeye ananiita Injinia!

Na haikuishia hapo. Jioni mume wangu akarudi, ana rangi mpaka masikioni. Akakaa. Akauliza mchwa wanaendeleaje. Nikasema mtaalamu anasema wanapungua. Akasema hapana, yeye amewaona leo, hawajambo, wanasalimia. Kumbe ameitwa kupaka rangi sebule ya mke wa Bwana Steli! Mama huyo akamwonya asije akachafua kabati lake jipya. Akageuka, akauona ufa. Ufa wake mwenyewe! Anasema alisimama pale brashi inadondosha, na yule mama, kwa kudhani anashangaa, akaanza kumsimulia ule ufa ulivyotokea. Kisa kingine kabisa, chenye paka.

Nikamwambia yote. Makaa, gauni lililochanika, Mashine, joto lake lililopotea njiani. Nikalia tena. Nikangoja anigombeze. Yeye akamtazama Chirizi, aliyekuwa anajaza kiatu cha pili. Akasema kabati halijawahi kumwita baba. Akatoka nje, nikasikia kama anacheka peke yake. Au analia. Sikwenda kuhakikisha.

Jumamosi, tarehe 8

Naandika kwa haraka, nisamehewe mwandiko.

Asubuhi nilikwenda kuiaga Mashine. Niliamua kuirudisha yadi, kama itapokelewa. Nikatoa mabakuli yote sita nikayaoshe, matundu yakabaki wazi. Nikatoka kugusa nguo kwenye kamba. Zimelowa bado, nikazibusu. Niliporudi, Chirizi amepanda juu ya gunia la vitunguu, ndoo pembeni, kikombe mkononi. Anachota, anamwaga. Anachota, anamwaga. Ndani ya matundu ya Mashine! Yale matundu sita kumbe chini ni beseni moja pana, na mwanangu amelijaza nusu nzima. Akaniona. Akapiga makofi.

"Ishajaa!"

Nilipiga ukelele mpaka wifi akadondosha kisu. Nikambeba mtoto, nikamkabidhi kwa wifi. Nikaitazama Mashine. Sasa imekufa kweli, nikajisemea. Namrudishiaje mtu mashine iliyolowa? Lazima ikauke. Na kitu kinachokausha ni joto. Kwa hiyo nikachomeka, nikaweka namba tatu, ili nikaushe yale maji.

Haikulia tik. Ilinyamaza. Kisha ikaanza kuhema.

Jamani. Sijui niandikeje. Mvuke ulipanda kwenye matundu yote kwa pamoja, mweupe, mwembamba, polepole, kama pumzi ya mtoto siku ya baridi. Ukajaa kwenye kioo. Kitaa chekundu kikawa kinang'aa ndani ya ukungu ule. Harufu hakuna. Moshi hakuna. Wifi alikuwa amembeba Chirizi, mdomo wazi, na Chirizi naye mdomo wazi, ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba wamefanana.

Nikarudisha mabakuli mahali pake. Nikapakua. Nikafunika. Sikusimama kama meneja, nilisimama kama mtu anayesikiliza.

Saa sita nikafunua: wali wa moto, punje kwa punje. Saa nane: moto. Mteja wa mwisho alipoinuka, mama mkwe akachukua kijiko, akachota maharage chini kabisa ya bakuli, akala. Akafumba macho. Akafunika. Halafu akatoka nje na jiko la kwanza la mkaa, lililokuwa halijawashwa leo. Akarudi, akachukua la pili. Akachukua la tatu. Hakutaka kusaidiwa. La nne akamwekea Chirizi uani, tupu na safi, ajaze maji anavyotaka.

Sakafu jikoni imebaki wazi. Nilikuwa sijui kwamba ni kubwa hivyo.

Jioni Bwana Steli akapita kula. Nikamwambia kwamba Mashine ilipoteza joto lake njiani, lakini mwanangu ameinywesha maji, na joto limerudi. Akaacha kutafuna. Akauliza, kwani mimi sikutia maji? Kila mtu hutia maji chini, ndivyo inavyotumika! Nikamwongezea mchuzi kwa heshima. Watu wa biashara wanapenda kujifanya walikuwa wanajua. Mimi niliigusa ikiwa ya moto bila maji na bila umeme. Hilo hawezi kuniondolea.

Jumapili, tarehe 9

Mdogo wake mama mkwe amefika. Mnene, mcheshi, ana vikapu viwili. Amekula mara mbili na kuisifia Mashine mara tatu. Kisha akauliza mtoto mwenyewe yuko wapi, na nguo zake zimeshafungwa? Mama mkwe akasema mtoto yupi? Huyu hawezi kuondoka, ni mfanyakazi, ndiye anayejaza mashine maji. Na nguo zake zenyewe bado zimelowa, akaongeza, akanitupia jicho.

Wifi akasema mtoto akiondoka na yeye ataacha kazi. Wifi! Nimempa shingo ya kuku.

Nyumbani nako kuna makubwa. Mume wangu leo hakupumzika. Kwenye ile sehemu nyeupe ya ukuta amechora kabati. Kabati zima! Vioo, rafu, vikombe sita, na kwenye kona ufa wake. Nilitaka kulifungua. Mgeni ameshapelekwa, ameshasimuliwa.

Mtu ungesema sasa nimetosheka. Kweli nimetosheka. Ila asubuhi na mapema, kabla jua halijatoka, nilipita kwenye yadi ya Bwana Steli kumsalimia tu. Umande umetanda kila mahali. Nikaona jokofu moja refu, milango miwili, lenye mkono mrefu wa kung'aa. Nikaweka kiganja. Baridi! Nikatazama waya. Umefungwa kamba! Halijachomekwa, na ni la baridi lenyewe! Baridi mpaka linatoka jasho!

Lo, vitu vya hoteli.

Nimemuuliza Bwana Steli, eti mke wake sasa anahitaji nini. Akasema tangu sebule ipakwe rangi, kilichobaki ni kochi. La kukalia watu watatu, lenye miguu ya mbao.

Mama mkwe analo kama hilo. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba nikilitazama kwa makini, miguu yake haina afya, na wanaoanza kuumwa husaidiwa mapema. Unga wa mbao ulikuwa umebaki kidogo. Chirizi nimemwambia leo asimwage maji sebuleni kwa bibi, ameitikia vizuri kabisa.

Mama mkwe ananiita. Ni ile sauti yake ya taratibu. Anauliza nani ameacha uji chini ya kochi lake. Naja, mama! Naenda kumweleza kwamba mchwa wa siku hizi hawasikii dawa.